Mwenyekiti wa Televisheni ya Mwethya

Naandika haya nikiwa na hasira, na naomba isipoe kabla sijamaliza. Mimi nikipoa huanza kuona upande wa kila mtu, na nikishaona upande wa kila mtu siwezi tena kusema lolote. Kwa hiyo niseme mapema. Kuna mwanamke mmoja huku kwetu, mbele kidogo ya Muthetheni, ambaye maisha yake yote alichagua mwenyewe kitu gani kiingie masikioni mwake na kitu gani kibaki nje. Alipougua, watu wake mwenyewe walimketisha mbele ya televisheni ambayo hakuweza kuizima. Iliwashwa asubuhi kabla hajapewa uji, ikazimwa wenye nyumba walipokwenda kulala. Hakuna aliyemuuliza. Majirani walipita, wakachungulia mlangoni, wakasema, "Afadhali ako na kitu ya kumchangamsha," kisha wakaendelea na safari zao wakiwa wameridhika kabisa na huruma yao.

Sote tulimwita Mwenyekiti. Jina analo, lakini hata mama yangu, aliyelima naye tangu kabla sijazaliwa, halitumii. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha akina mama na wanaume wachache ambacho hulima kwa zamu: leo wote shambani kwako, juma lijalo wote shambani kwangu. Kazi yao kubwa ilikuwa kuchimba matuta ya kuzuia mvua isiteremshe udongo, maana huku kwetu mlima usio na matuta ni mlima unaohamia mtoni. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye gambuti nyeusi, zile buti za mpira, alizovaa hata kiangazi, na sauti ambayo haikupanda kamwe. Watu wenye sauti za juu walijikuta wanashusha zao ili wamsikie, na wakishashusha walikuwa wameshashindwa.

Kulikuwa na desturi moja ambayo aliisimamia bila huruma. Kazi ikiisha, hakuna aliyeruhusiwa kutia jembe begani na kuondoka. Kwanza wote walitembea juu ya tuta walilochimba, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka mwanzo hadi mwisho, wakiangalia chini. Walipofika mwisho, aliuliza, "Tumempa nini huyu mwenye shamba?" Na lazima mtu ajibu.

"Tumempa tuta lenye kiuno," mtu alisema siku moja, akimaanisha limelegea katikati.

"Basi turudi tulinyooshe," akasema Mwenyekiti. Walirudi, jua likiwa linatua, wengine wakinung'unika kwa Kikamba maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Televisheni ililetwa na kikundi hicho. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Stima ilikuwa imefika sokoni na haikuonyesha dalili yoyote ya kutaka kutembea hadi kwetu. Kikundi kilinunua televisheni ndogo isiyo na rangi, iliyokwisha tumiwa na watu wengine, ya kuendeshwa kwa betri ya gari. Ikawekwa nyumbani kwa Mwenyekiti kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeaminiwa na wote kwa kiwango kilekile cha kumwogopa. Betri ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa pale kwenye mashine ya kusaga, na ikirudi ilikuwa na nguvu za jioni chache tu. Ukiimaliza kwa upuuzi, umemaliza.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sijaona chuo kikuu, kanisa wala serikali ikilifanya. Alikichukulia kile kisanduku kama shamba. Baada ya kazi, watu wakiwa bado na udongo magotini, walijadiliana kitu gani kitaangaliwa Jumamosi. Aliyetaka kitu alisimama akakitetea. Wanaokiunga mkono waliinua majembe, na kwa kuwa jembe ni zito, hakuna aliyeinua kwa mzaha.

"Mimi nataka ile ya wimbo," kijana mmoja alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesikia ni nzuri."

"Hata mimi nimesikia Nairobi ni nzuri," akasema Mwenyekiti. "Kwani nimehama?"

Na kipindi kikiisha alizima. Hapo hapo, kabla ya matangazo ya sabuni kuanza. Kisha, gizani, kabla ya taa ya chemni kuwashwa, aliuliza lile swali lake la shambani: "Tumepewa nini?" Mtu alikuwa lazima ajibu. Mzee, mama, mtoto aliyekaa sakafuni, yeyote ambaye kidole kirefu cha Mwenyekiti kingemwangukia.

Siku moja kiliniangukia mimi. Nilikuwa bado shule ya msingi.

"Tumepewa picha," nikasema.

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Picha za nini?"

"Za mtu anapika."

"Alikuwa anapika nini?"

"Sijui."

"Macho yako yalikuwa hapa," akasema, polepole, kama mtu anayetafuta kweli. "Wewe ulikuwa wapi?"

Sikulia, lakini nusura. Na tangu siku hiyo mimi siwezi kuangalia kitu chochote, hata tangazo la dawa ya mbu, bila sehemu fulani ya kichwa changu kutayarisha jibu. Rafiki zangu chuoni walisema mimi nafikiri kupita kiasi. Ni kweli, na sehemu ya lawama naiweka miguuni pa Mwenyekiti. Lakini niliposoma miaka minne katika kumbi ambamo mhadhiri anaingia, anasoma karatasi zake, anatoka, na hakuna anayetuuliza tulikuwa wapi, nilikasirika kwa niaba ya yule mama mwenye gambuti. Tulilipiwa karo, tukavishwa majoho, tukapigwa picha. Hakuna aliyetutembeza juu ya tuta tukaliangalia.

Nisimfanye malaika. Mwenyekiti alikuwa dhalimu wa aina yake. Jumamosi moja wanaume walikuwa wamepata majembe ya kutosha kuona mpira, mechi kubwa ya timu ya taifa, na yeye akiwa amechukia kwa sababu nusu yao hawakuja kulima juma lile. Aliwaacha waangalie. Aliwaacha wapige kelele, wakumbatiane, wabishane na refa. Dakika za mwisho kabisa, timu zikiwa sare na mchezaji wetu akiwa ameuweka mpira chini kupiga adhabu, aliinuka akachomoa waya wa betri.

"Mwenyekiti! Mwaitu, mama yetu! Unatuua!"

"Mmeangalia kama mlivyolima," akasema. "Mmefika katikati mkaacha."

Wanaume wawili hawakusalimiana naye mpaka mvua za mwaka uliofuata, na mimi nasema walikuwa na haki. Kumnyima mtu mwisho wa mechi ili umfundishe kulima si haki. Hata mama yangu alimwambia hivyo, na Mwenyekiti akamjibu kwamba haki haikuwa kwenye ajenda ya siku hiyo.

Halafu kulikuwa na mieleka. Mwanamke huyu, aliyemhoji kila mtu kuhusu kila kitu, alikuwa na ugonjwa wa mieleka. Wale wanaume wakubwa wenye chupi za kung'aa, wanaorushana nje ya kamba na kupigana kwa viti. Hakuiombea majembe. Alikuwa akisema tu, "Tujaribu betri kwanza, tuone kama imechajiwa," na kwa bahati ya ajabu betri ilijaribiwa saa ileile mieleka inapoanza. Alisogea mbele ya benchi. Alikunja ngumi. Mama yangu anaapa kwamba siku moja Mwenyekiti alimwinua mtoto wa jirani akitaka kuonyesha yule mwembamba alivyomshinda yule mnene, na mwenye mtoto akalazimika kumuomba kwa adabu amteremshe.

"Na sisi tumepewa nini hapo?" mzee mmoja alithubutu kumuuliza, akitegemea kumkamata.

"Mimi nimepewa furaha," Mwenyekiti akajibu. "Wewe sijui. Ulikuwa unaangalia mimi."

Lakini kisa ambacho watu wa hapa wanakipenda kuliko vyote ni cha mchezo uliokatika. Ulikuwa mchezo wa kuigiza kuhusu mwana aliyeuza shamba la mama yake kwa siri akakimbilia mjini. Kikundi kizima kilikuwa kimejaa nyumbani, wengine wamesimama dirishani. Mwana akarudi kijijini, akasimama mlangoni kwa mama, akafungua mdomo, na betri ikafa. Ilijulikana baadaye kwamba yule mtu wa kuchaji alikuwa ameitumia kuburudisha wateja wake. Wakati ule watu walijua tu kwamba skrini imekuwa kitone cheupe, halafu giza.

Mahali pengine wangekwenda nyumbani wakilaani. Hapa Mwenyekiti aliwasha chemni akasema kazi ambayo haijaisha haiachwi wazi mvua ikaiingia, na kwa hiyo tutaimaliza sisi. Wakaimaliza. Juma zima, shambani, majembe yakipanda na kushuka, walibishana yule mwana alisema nini. Wengine walitaka afukuzwe. Mjane mmoja alitaka mama amsamehe lakini asimpe chakula. Mwishowe walipiga kura kwa majembe: alipiga magoti, akakiri, akafanya kazi ya vibarua mpaka akalikomboa shamba. Ikapitishwa.

Baada ya muda akaja jirani mmoja aliyekuwa akiuza matunda pale Kyumbi, kando ya barabara. Yeye alikuwa ameuona mchezo wote katika televisheni ya hoteli.

"Ah, nyinyi hamjui," akawaambia kwa raha. "Yule kijana alimdanganya mama tena, akachukua hata ng'ombe. Mwisho anaendesha gari."

Watu wakamtazama Mwenyekiti.

"Hiyo ni ya Kyumbi," akasema. "Hapa alirudisha."

Mpaka leo, ukiwauliza wazee wa hapa kuhusu mchezo ule, watakuambia alirudisha. Mtu wa mjini atawacheka kwamba hawakujua kuwa mchezo una mwandishi na mwisho wake umeshaandikwa. Mimi nimefikiria sana jambo hili, pengine kuliko linavyostahili, na nimefika mahali ambapo yule mtu wa mjini ndiye anayenichekesha. Yeye amemeza miisho mingapi bila hata kutafuna?

Stima ilifika kwetu nikiwa sekondari. Ilikuja na nguzo zake na fundi wake na sherehe yake ya sukuma wiki na mbuzi, na haikuchukua muda kila nyumba iliyoweza ikawa na televisheni yake. Sikatai stima. Mimi mwenyewe nilisomea mtihani kwa taa yake. Nakataa lile lililokuja likiwa limejificha nyuma yake, kwamba kitu kisichoisha hakihitaji kuchaguliwa. Televisheni ya mwethya ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna mkutano ulioivunja ile desturi. Watu waliacha tu kuja Jumamosi, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu nzuri.

Sokoni palijengwa kibanda cha video, mapazia meusi, spika nje, picha za watu wenye bunduki mlangoni. Vijana wa pale ndio waliomtungia Mwenyekiti jina. Akipita na kiondo chake walipiga kelele, "Mama Zima! Mama Zima, kuja uzime!" Walicheka mpaka wakashika magoti. Baadhi yao walikuwa wamekulia kwenye sakafu yake. Nilikuwapo siku moja, nikiwa na sare ya shule, na niliona alivyosimama akawageukia.

"Leo mnaangalia nini?" akauliza, kwa adabu kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

Wakatazamana. "Vita," mmoja akasema.

"Vita ya nani na nani?"

Hawakujua. Walikuwa wametoka humo ndani wakati uleule.

Halafu zikaja redio za FM. Hapa hasira yangu inakaa vizuri, kwa hiyo nitaiacha ikae. Kuna yale mazungumzo ya asubuhi ambamo mtangazaji anampigia mume wa mtu simu, anamtega, mke anasikiliza kwa siri, kisha wote wanapasuliwa hadharani huku nchi nzima ikinywa chai. Watoto wanakula mkate wakisikia. Magari ya shule yanapeleka watoto darasani na sauti hiyo juu. Na ukisema kitu unaambiwa umezeeka, ama umesoma sana, ama hukuoa.

Mwenyekiti aliingia katika hoteli moja ya sokoni asubuhi kama hiyo. Mimi na mama yangu tulikuwa meza ya karibu. Redio ilikuwa juu ya friji. Mwanamke alikuwa akilia ndani yake, analia kweli, kwa kwikwi, na wateja walikuwa wakicheka na kupiga meza. Mwenyekiti alisimama katikati na kikombe mkononi.

"Huyu anayelia ni wa nani hapa?"

Wateja wakageuka kumtazama, wengine bado wakicheka.

"Hakuna mtu wake?"

"Mwaitu, hiyo ni redio tu," mwenye hoteli akasema, akicheka bado.

"Kwani hayuko mahali? Si ako nyumbani kwake saa hii, analia?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Sijui," akasema. "Mimi naenda kunywa chai mahali watu hawalizwi." Akaweka kikombe, bado kimejaa, akatoka. Baada ya hapo kicheko hakikurudi vizuri. Mwenye hoteli alisema, "Huyu mama ako na shida," na wateja wakakubali kwa haraka kidogo kupita kawaida. Redio haikuzimwa.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani kungojea kazi. Nilituma maombi, nikangojea, na nilipokuwa nikingojea niliangalia. Binamu yangu alikuwa na zile diski za sinema nyingi zilizobanwa katika diski moja, na mimi nikazipitia zote, asubuhi mpaka jioni, mapazia yakiwa yamefungwa ili mwanga usiingie kwenye skrini. Usiniulize zilihusu nini. Nilikuwa mtu wa kuamka na moyo ukienda mbio kwa sababu ya barua ambayo haijaja, na ule moyo ulinyamaza tu pale mtu mwingine alipokuwa akifukuzwa na magari.

Mwenyekiti alikuja kumwomba mama mbegu ya mbaazi, akaniona.

"Unaangalia nini?"

"Kitu tu, Mwenyekiti. Napitisha wakati."

"Wakati uko na miguu yake," akasema. "Wewe ndio umekaa."

Nilikasirika naye siku tatu. Nilimjibu kichwani mwangu kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kiingereza. Nilimwambia hajui hali ya ajira. Nilimwambia mtu mwenye wasiwasi anahitaji kupumzika. Nilimwambia mengi sana, yote nikiwa nimelala chali, na sinema ikiendelea bila mimi. Ndipo nikagundua kwamba hata hasira yangu yote hiyo nilikuwa nimeifanya mbele ya kitu ambacho sikukichagua. Nikafungua mapazia. Sisemi niliokoka. Nilifungua mapazia.

Kisha Mwenyekiti akapigwa na kiharusi. Kilichukua upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Yaliyobaki yakawa yanatoka moja moja, kwa nguvu, kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Mwanawe, anayefanya kazi kiwandani Mavoko na kurudi mwisho wa juma, alimhamishia katika nyumba yake ya mawe palepale bomani. Ni mtu mwema. Naandika hivyo nikiwa nimekunja uso. Alinunua televisheni pana, akaweka dishi juu ya paa, akanieleza mwenyewe nilipokutana naye sokoni:

"Unajua mama alipenda televisheni sana. Si ndiye alikuwa anaitunza ile ya kikundi? Sasa nimemnunulia kubwa kuliko ile. Haina kuzimika."

Alisema kwa fahari, macho yakimetameta. Alikuwa amekulia katika nyumba ile. Alikuwa ameketi kwenye benchi lile kila Jumamosi. Na hicho ndicho alichokuwa amekiona: kwamba mama yake alipenda televisheni. Nilitaka kumshika kola. Badala yake nilimwambia ni jambo zuri, nikaenda nyumbani nikashindwa kula.

Nilikwenda kumwona Mwenyekiti katikati ya juma, mchana. Njiani nilitayarisha yote: nitaingia, nitazima, atanitazama kwa shukrani, pengine chozi litamtoka, kisha nitamweleza mke wa mwanawe, bila ukali lakini kwa uthabiti, mambo kadhaa. Nilikuwa nimeyapanga hayo mambo kwa mpangilio.

Mke wa mwanawe alikuwa nje, juu ya gunia, anapepeta mbaazi. Ni mwanamke mchangamfu, ana kibanda cha nguo sokoni na hakifungui siku za katikati ya juma tangu mama mkwe augue. "Karibu msomi!" akaniita. "Ingia, ako hapo na sinema zake."

Sauti ilikuwa imejaza nyumba. Mwenyekiti alikuwa kwenye kochi, mito ikimshikilia pande zote mbili, leso magotini, na gambuti zake hazikuwapo. Miguu ilikuwa ndani ya soksi za mtoto wa shule. Skrini ilikuwa pana kuliko dirisha. Ndani yake mwanamke mwenye hereni kubwa alikuwa anamfokea mwanamke mwingine mwenye hereni kubwa. Rimoti ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wake wa plastiki, mahali ambapo hata mimi nililazimika kusimama kwa ncha za vidole.

Nikaichukua. Nikazima.

Kimya kilikuwa kizito mpaka nikasikia mbaazi zikianguka ndani ya ungo nje. Nikageuka kwake na uso wangu niliouandaa.

Alikuwa ananitazama. Nusu ya uso haikusogea, lakini ile nusu nyingine nilikuwa naijua tangu utoto, na haikuwa na shukrani hata chembe.

"Nani," akasema. Akangoja neno lililofuata lifike. "Nani... amekuambia?"

"Mwenyekiti, mimi niliona wewe hupendi, nikasema afadhali..."

"Washa."

"Lakini..."

"Washa!"

Mke wa mwanawe alikuwa ameingia na ungo mkononi. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Si umeona? Mimi nasema kila siku, anapenda! Watu wanafikiri namtesa."

Mwenyekiti akamgeuzia jicho. "Wewe... pia."

Kicheko kikaisha. Nikawasha. Wale wanawake wa hereni walikuwa wamekwisha. Lilikuwapo tangazo la sabuni ya unga, watoto wakirukaruka matopeni. Akaliangalia. Sisi wawili tulisimama nyuma yake kama watu waliokosea. Likaja tangazo la mikopo, akaliangalia. Akaja mtangazaji akaeleza vipindi vya kesho, naye akamsikiliza mpaka neno la mwisho, kidevu kimeinuka, hana haraka.

"Sasa," akasema. "Zima."

Nikazima.

Akapumua. Kisha akatoa mkono wa kushoto kutoka chini ya leso na kuufungua, kiganja juu.

Nilielewa mimi, na mke wa mwanawe alielewa pia, kwa sababu aliongea haraka. "Ataangusha. Na akiizima akae hivyo kimya mchana mzima, watu wakipita watasema tumemtupa. Bwana yangu akirudi apate imezimwa, mimi ndio nitaulizwa. Wewe unaenda kwenu, mimi ndio nabaki."

Hasira yangu, niliyoibeba kutoka nyumbani kama mtungi, sikujua tena pa kuitua. Alikuwa anasema kweli. Mimi nilikuwa naenda kwetu. Mimi, mwenye maneno yote haya, tangu augue sikuwa nimekaa na huyu mama hata asubuhi moja.

"Akiuliza," nikasema, "mwambie amuulize mama yake."

Akanitazama. Akamtazama mama mkwe, na ule mkono ambao bado ulikuwa wazi, umechoka sasa, unashuka kidogo kidogo na kupandishwa tena. Akaweka ungo chini. Akaichukua rimoti kutoka kwangu, akaitoa katika ule mfuko wa plastiki, akaifuta kwa pindo la leso yake, akachuchumaa mbele ya kochi.

"Hii nyekundu ndio ya kuzima na kuwasha, mama. Hii nyekundu. Usiguse hizi ingine, zinapoteza chaneli."

Akamkunjia vidole juu yake, kimoja kimoja, na kile cha gumba akakilaza mahali pake.

Niliaga. Nilikuwa nimefika kwenye lango nilipoisikia televisheni ikilipuka kwa sauti ya juu sana, kuku wakatawanyika, mke wa mwanawe akapiga kelele, "Mama, si hiyo!" Kisha kimya. Kisha ikawaka. Kisha kimya tena, kirefu, na katika kimya hicho nikasikia kitu kama kikohozi, au kicheko cha nusu mdomo. Ikawaka.

Nilisimama pale nikishika komeo, nikijaribu kutambua ni kipindi gani alichokiacha kiendelee. Halafu nikafunga lango nikaenda, maana hakuna aliyeniuliza.